Zahanati Iko Mbele, Ufunguo Uko Uani

Makala ya leo nayaanza kwa kukiri kosa. Kosa lenyewe ni la zamani, na aliyeumia kwalo alinyamaza miaka 28 kabla ya kunitajia. Lakini wahenga walisema kuwa mficha uchi hazai, na kwa jambo ninalotaka kulizungumza leo, msemo huo una maana yake kamili.

Mwaka 1994 nilikuwa kijana, ndio kwanza mashairi yangu yanaanza kusomwa. Mtaani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, kulikuwa na vikundi viwili vya kina mama wa vugo ambavyo havikupikika chungu kimoja. Kila palipokuwa na harusi walikutana, na kila walipokutana walirushiana maneno kwa nyimbo. Shangazi yangu mmoja alimtuma mtoto aniite. Nilipofika akanambia kikundi chake chataka wimbo wa kuwakata maini wapinzani wao. Mmoja katika wapinzani hao ilisemekana kwamba alikuwa akidungwa sindano ya kupanga uzazi, akaiacha, na sasa miezi inakwenda na mimba haijaingia.

Sikumjua mama huyo. Wala sindano yenyewe sikuijua ni kitu gani. Nilichokijua mimi ni vina na mizani. Nikatunga beti tano, nikamfananisha na mnazi uliopigwa na radi: umesimama mrefu, wapendeza kuutazama, lakini hautoi hata kidaka. Wimbo ukashika. Uliimbwa harusi baada ya harusi, ukavuka kivuko hadi Likoni, na watu wakanambia umefika hata Lamu. Nami nikajiona mtu.

Mwaka 2022 tulifiwa na mama yetu. Siku ya hitima, watu walipokwisha kutawanyika, dada yangu mdogo alinikuta nimekaa peke yangu barazani. Akaketi, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Kaka, waukumbuka wimbo wako wa mnazi? Basi mimi ndio ulionirudisha mlangoni."

Akanieleza. Mwaka ule wa 1994 alikuwa na watoto watatu, na yule wa kwanza hajatimiza miaka minne. Damu yake ilikuwa haba. Muuguzi wa kliniki alimshauri aupumzishe mwili, mumewe akaridhia, na siku ya kwenda kudungwa sindano ikapangwa. Wiki moja kabla ya siku hiyo palikuwa na harusi, na wimbo wa kakake ukaimbwa. Wanawake walicheka, naye akacheka pamoja nao. Siku ilipofika hakwenda. Katika miaka mitatu iliyofuata alishika mimba mbili, na katika ile ya mwisho alitokwa na damu mpaka akapelekwa hospitali hajijui. Aliongezwa chupa nne za damu. Chupa moja katika hizo ilitoka mkononi mwangu mwenyewe, na siku zote nilikuwa nikijisifu moyoni kuwa nimemwokoa ndugu yangu.

"Na yule mama niliyemwimba?" nikamuuliza.

"Yule? Alizaa wawili baadaye. Lakini hilo hakuna aliyelitungia wimbo."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja: mwanamke wa kwetu, hasa yule asiye na pesa wala kisomo, hufikaje katika mlango wa zahanati, na ni kitu gani humrudisha? Nimezunguka na dada yangu akiwa ndiye mwongozi wangu, kwani mwanamume hapati kuingia mahali ambapo jambo hili huamuliwa. Nayo majibu niliyoyapata ndiyo haya.

YAPITAYO UANI

Nyumba ya Mswahili ina nyuso mbili. Mbele pana baraza, nasi wanaume hapo ndipo tunapohukumu dunia nzima. Nyuma pana ua. Huko ndiko hupikwa, hufuliwa, husukwa nywele na kutiwa hina. Huko ndiko mwari hufundwa na somo yake, na mzazi hukandwa mpaka arubaini yake itimie. Wanawake hukutana uani, hukutana harusini na matangani, hukutana katika darasa za dini za kina mama na katika vyama vya kupeana pesa kwa zamu. Mtu akitazama kwa juu ataona ni maongezi tu. Akitega sikio ataona kuwa ni ofisi, tena yenye kazi nyingi kupita ofisi za serikali.

Dada yangu alinihesabia mambo ambayo mwanamke hutaka kuyajua kabla ya kuondoka nyumbani kwake. Ni siku gani dawa huwapo, na siku gani hurudishwa watu? Ni muuguzi yupi mwenye ulimi mtamu, na yupi hugomba mbele za watu? Kadi hutunzwa wapi ikiwa mume hajaambiwa? Nani atabaki na mtoto? Nani atatoa nauli ya matatu? Na ikiwa mguu utafura au kichwa kitauma, ni nani aliyewahi kupatwa na hayo, na yakamwishaje?

Msomaji, tazama maswali hayo vizuri. Hakuna hata moja lililoandikwa katika zile karatasi zinazobandikwa ukutani pale zahanati. Majibu yake yote yamo vinywani mwa wanawake wengine. Kwa hiyo zahanati yaweza kuwa hatua mia kutoka mlangoni mwa mtu, na dawa zikawa za bure, na bado ikawa mbali naye kama Bara Hindi.

Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi mwaka 1967, ikawa ya kwanza kufanya hivyo katika Afrika kusini ya Sahara. Hata hivyo, miaka kumi baadaye mwanamke wa Kenya alikuwa bado akizaa, kwa wastani, watoto wanane. Milango ilikuwa wazi, lakini waingiao ni wachache. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wastani huo umeshuka hadi watoto 3.4. Hapana shaka sababu ni nyingi: wasichana wamesoma, watoto wachanga hawafi kama zamani, na karo ya shule yajulikana na kila mzazi. Lakini katika uchunguzi huohuo Nairobi ilikuwa na wastani wa 2.5, ilhali Mandera ilikuwa na 7.7. Nchi ni moja na sera ni moja. Penginepo umbali na umaskini vimechangia, lakini pia kila mahali pana mazungumzo yake.

WALIYOYAONA NYANZA

Jambo hili halikuonwa Pwani peke yake. Katika miaka ya 1990 na mpaka mwaka 2000, Bi Susan Watkins wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, pamoja na wenzake, walikwenda vijijini Nyanza Kusini kwa ndugu zetu Wajaluo. Badala ya kuwauliza wanawake tu kama watumia dawa au hawatumii, waliwauliza: mbali na mume wako, ni nani umepiga naye soga juu ya kupanga uzazi, naye alikuwa na maoni gani?

Katika maandishi waliyoyatoa mwaka 1997, Bi Watkins na Bi Naomi Rutenberg walieleza kwamba wanawake walikuwa wakisikia mafundisho ya wauguzi, kisha wakatoka nje wakaenda kuyapima kwa wenzao. Muuguzi amesoma, lakini si mtu kama wao. Walimtaka mwenzao mwenye mwili kama wao, mwenye shamba na kuni na watoto kama wao, awaambie lililompata yeye. Mnong'ono wa nje ya zahanati ulikuwa na uzito kuliko sauti iliyomo ndani.

Baadaye, mwaka 2001, Watkins na wenzake wawili walitoa jambo jingine ambalo limenikaa moyoni. Walilinganisha mahali penye soko na pilikapilika za biashara na mahali pasipo nazo. Penye soko mama huongea na watu wa kila namna, nao wenyewe hawajuani sana; hapo mazungumzo yalikuwa kama darasa, kila mmoja huleta habari yake. Pasipo soko, wale anaoongea nao wote wajuana wao kwa wao; hapo mazungumzo yalikuwa zaidi ni shinikizo, mtu afanye wafanyavyo wenziwe. Wakikubali wote, naye hukubali. Wakikataa wote, basi huyo aliye peke yake atathubutuje?

Nilipomsomea dada yangu maneno hayo, alicheka akasema: "Hao wazungu wamekwenda mbali. Wangekuja harusini kwetu siku moja tu." Harusi ile ya 1994 ilikuwa watu wote wajuana. Wimbo mmoja ukatosha kuufunga mlango.

UVUMI HUZALIWA NA NUSU YA KWELI

Yafaa tujue kwamba uvumi wa uani si uongo mtupu. Mara nyingi ni nusu ya kweli iliyokosa mtu wa kuikamilisha. Tuchukue kisa cha mama niliyemtukana kwa wimbo. Ile sindano ya kila miezi mitatu, mtu akiiacha, mwili haurudi hapo hapo katika hali yake. Huchukua miezi kadhaa, na mara nyingi karibu mwaka mzima, ndipo mimba ishike. Hivyo majirani waliona kweli: ameacha, na mimba haipo. Wasilolijua ni kwamba hiyo ni desturi ya dawa hiyo, wala kizazi hakijaharibika. Lau kungekuwa na mtu mmoja tu uani wa kulisema neno hilo, mimi nisingepata wimbo, na dada yangu asingekosa damu.

Jambo la pili lahusu ibada, na hili wauguzi wengi wasio wa dini yetu hawalifikirii kabisa. Sindano, na hata kile kijiti kitiwacho chini ya ngozi ya mkono, huweza kuivuruga hedhi. Mwingine hukatikiwa kabisa. Mwingine hutokwa na matone siku nyingi. Kwa mtu wa kliniki hilo ni jambo dogo, humwambia mama, "Usijali, utazoea." Lakini kwa mwanamke wa Kiislamu si dogo hata kidogo. Je, aswali au asiswali? Mchana wa Ramadhani afunge au ale? Mumewe amkaribie au asimkaribie? Wako wanawake walioiacha dawa isiyowadhuru kwa sababu tu hawakujua hukumu ya matone yale, na waliona haya kumwuliza sheikh.

Fikihi ina jibu tangu zamani. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, hedhi haizidi siku kumi na tano, na damu ipitayo hapo ni istihadha; mwenye nayo hujisafisha, hujifunga, hutawadha kwa kila swala ya faradhi, akaswali na kufunga kama wenziwe. Wanavyuoni wana maelezo marefu zaidi ya haya, nami si mufti, bali kila niliyemsikia akieleza hukumu hii kwa wanawake alikuwa mwanamke aliyesoma, mwalimu wa darasa la kina mama. Neno lake moja laweza kufanya kazi ambayo mabango mia hayaiwezi. Kwa bahati mbaya, sijaona mpango hata mmoja ulioanza kwa kumtafuta mwalimu huyo.

KUBEMENDA HAKUKULETWA NA MELI

Wapo wasemao kwamba kupanga uzazi ni hila ya wageni ya kutupunguza. Siwacheki, kwani watu waliowahi kutawaliwa wana haki ya kuuliza mkono utoao una nini nyuma yake. Lakini tusisahau kwamba kupisha nafasi kati ya mtoto na mtoto ni desturi ya wazee wetu.

Nani katika umri wangu hakusikia neno kubemenda? Mama aliyeshika mimba nyingine huku mtoto yungali ziwani, na mtoto yule akadhoofu, basi mtaa mzima ulisema, "Wamembemenda mtoto." Ilikuwa ni fedheha kwa mke, na kwa mume fedheha zaidi. Mke alikwenda kwa mamake kujifungua, akakaa huko arubaini na mara nyingine zaidi. Bibi na somo walilinda mambo hayo kwa macho makali. Na walikuwa na msingi: Kurani tukufu, katika Sura ya Baqara aya ya 233, yawataja mama wanyonyeshao miaka miwili kamili kwa atakaye kuutimiza unyonyeshaji. Wataalamu wa leo nao wanakubali kwamba mama anyonyeshaye maziwa yake matupu, usiku na mchana, kabla hedhi haijarudi, amekingika sana katika miezi sita ya mwanzo.

Ama juu ya kuzuia mimba, twajua kuwa masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani mume kujitoa kabla ya kushusha, nao wahyi wa Kurani ukiteremka. Habari hiyo imepokewa kwa Jabir bin Abdillahi na imo katika Bukhari na Muslim. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliijadili azl katika Ihya, akaiona yafaa, na katika sababu alizozikubali ni kuhifadhi maisha ya mke na kuogopa mashaka ya wingi wa watoto. Wapo wanavyuoni waliokataza. Na kukata kizazi moja kwa moja pasi na dharura, wengi wamekuharimisha. Kwa hiyo mlango huu una kizingiti na una mipaka. Lakini si kweli kwamba ni ukuta.

Ninachotaka msomaji akione ni hiki: zamani desturi hiyo ililindwa na nani? Si serikali wala hospitali. Ililindwa na wanawake wa uani. Leo bibi yuko Lamu, somo amekufa, binti ameolewa Kisauni katika chumba kimoja cha kupanga, na mnyororo ule umekatika. Kilichobaki ni nyimbo na kejeli, na siku hizi makundi ya WhatsApp, ambako sauti ya mtu asiyejulikana hupita simu elfu kabla ya adhuhuri. Wimbo wangu ulihitaji mwaka kufika Lamu. Leo ungefika kabla wali haujaiva.

ASIYE NA SHOGA

Kati ya wote niliosikia habari zao, aliyenihuzunisha sana ni mwanamke asiye na wa kumwuliza. Maskini mwenye mashoga kumi ana mlango. Lakini mtumishi wa nyumbani aliyeletwa kutoka mbali, alalaye jikoni na asiyetoka ila kwenda dukani, huyo hana. Mtalaka aliyerudi kwao kwa haya hana. Na yupo mwingine ambaye hatumtambui kwa kuwa amezungukwa na watu: bi harusi aliyeingia katika nyumba ya wakweze.

Dada yangu alinipa kisa cha mmoja wa aina hiyo. Msichana huyo alitoka visiwani, akaolewa mjini, akakaa na mavyaa yake na mawifi watatu. Uani kwake kulijaa watu kutwa, na kila aliyekuwamo alikuwa ni damu ya mume. Angemwuliza nani? Neno moja tu lingefika sebuleni kabla yeye hajafika chumbani. Alizaa, akazaa, na katika uzazi wa tatu kwa upasuaji akaambiwa na daktari apumzike angalau miaka miwili. Aliitikia kwa kichwa. Hakujua aanzie wapi.

Aliyemfungulia njia hakuwa daktari. Alikuwa ni mama muuza mahamri. Mama huyo huingia nyumba thelathini kila alfajiri, na hakuna nyumba iliyo yake. Hana ukoo na yeyote na hakai mahali akaulizwa sana. Asubuhi moja, akihesabu chenji, alimwona msichana rangi imemtoka. Akamwambia kwa sauti ya chini ni zahanati gani, ni siku gani, na amwulizie nani. Wiki ya pili akamwuliza, "Umekwenda, mwanangu?" Wiki ya tatu akamwombea ruhusa kwa mavyaa: "Nipe mkweo anisindikize sokoni." Wakaenda, na mume akajulishwa na daktari mwenyewe, akaridhia bila ya maneno. Yasemekana alikuwa akiogopa kuuliza kama mkewe alivyokuwa akiogopa.

Hapa ndipo nilipofahamu yale ya Nyanza. Walio karibu nasi sana ndio watupendao, lakini ndio pia wanaotufunga. Mara nyingine habari ya kheri huletwa na mtu wa mbali kidogo, apitaye na kapu lake.

WENGINE WAMEFANYAJE

Bangladesh ni nchi ya Waislamu, na wanawake wa vijijini huko wengi walikuwa wa kutawa. Katika sehemu iitwayo Matlab, mwaka 1975, wanawake wa vijijini, wengi wao wajane wazee wasio na kisomo, walipewa kazi ya kugawa vidonge nyumba kwa nyumba. Matunda hayakuwa makubwa. Mwaka 1977 wakabadilisha njia. Walichagua wanawake vijana wa vijiji vilevile, wenye waume na kisomo, wakawafundisha vizuri, wakawa wanawatembelea wenzao nyumbani kila baada ya wiki mbili. Kazi yao haikuwa kugawa tu, bali kuuliza hali, kueleza madhara, na kurudi tena mtu akilalamika. Uzazi ulipungua katika vijiji hivyo kuliko vya jirani ambavyo havikupata huduma hiyo. Funzo ni kwamba dawa ilikuwa ni ileile, lakini aliyeibeba alibadilika, na kurudi kwake kulimfanya awe mtu wa uani.

Hapa kwetu Maendeleo ya Wanawake walikuwa na wagawaji wao vijijini katika miaka ya 1980. Na mwaka 2023 serikali iliwapa vifaa wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, waende nyumba kwa nyumba. Ni jambo la kushukuru. Lakini naomba wakubwa wa kaunti zetu wajiulize: huyo aliyechaguliwa mtaani, je, ndiye ambaye wanawake humwendea wakiwa na siri? Au alichaguliwa kwa kuwa ni jamaa wa fulani? Mtu mwenye mdomo mwepesi akipewa mfuko wa dawa, basi mfuko huo umefungwa. Wangeuliza uani kwanza: nyinyi mkipatwa na jambo, humwambia nani? Jina litakalotajwa mara nyingi, huyo ndiye afundishwe. Na wasimsahau muuza mahamri.

NASI WA BARAZANI

Ndugu zangu wanaume, nasi tuna mazungumzo yetu, ila katika jambo hili tumezoea mzaha. Mume aambiwaye na mkewe, "Nimechoka," huja barazani akanyamaza. Huogopa aambiwe amekaliwa. Lakini mkewe akizidiwa usiku, wote tulio barazani hutoka mbio kutafuta gari na damu. Ingekuwa kheri ile pole ya usiku tukaileta mapema, tukaulizana mchana: mtoto wako ana umri gani, na mamake ana hali gani? Mimi nilitoa chupa moja ya damu kwa dada yangu. Neno moja la busara lingetosha kuifanya isihitajike.

Nilimwuliza dada yangu nimlipe nini. Akasema, "Hukunidai nami sikudai. Ila wimbo hufutwa kwa wimbo, kaka." Nikatunga. Vile vikundi viwili vya vugo havipo tena, waimbaji wake wengi wametangulia mbele ya haki. Dada yangu akausoma kwa sauti yake katika simu, akautuma katika kundi la wanawake wa ukoo wetu. Vijana walicheka maneno ya kizamani. Lakini jioni binti mmoja wa binamu yetu, aliyeolewa mbali na nyumbani, alimpigia simu peke yake akamwambia, "Shangazi, kuna jambo nataka kukuuliza." Sijui ni jambo gani, wala si haki yangu kujua. Ubeti wa mwanzo ulikuwa huu:

Mnazi nilousema, radi imeuunguza,
Haukufa, ulihema, na vidaka ukajaza,
Natubu kwa kina mama, kwa neno lililoviza,
Dada uliza mapema, usikae ukawaza.